Treni za Mikoani: Reli Imerudi, Huduma Je?

Kila bajeti ya uchukuzi inaposomwa Dodoma, na kila treni inapozinduliwa Nairobi au Kisumu, neno linalosikika ni kufufua. Reli ya kaskazini imefufuliwa. Reli ya Nanyuki imefufuliwa. Treni ya Kisumu imefufuliwa. Kisha mama wa Same anakwenda stesheni na magunia yake mawili ya vitunguu na kuambiwa kwamba treni ijayo ni ya keshokutwa, au kwamba imesimama mpaka mvua zipite. Anarudi barabarani kusubiri basi, na swali lake ni la haki: kilichofufuliwa ni kitu gani hasa?

Mkanganyiko huo unatokana na kuita kwa jina moja mambo matatu. Kuna njia, yaani tuta, kokoto, mataruma, madaraja na reli zenyewe. Kuna vyombo, yaani vichwa vya treni, mabehewa, karakana na mafundi. Na kuna huduma: treni inayofika siku na saa iliyotangazwa, kwa nauli ambayo mkulima anaimudu, wiki baada ya wiki, mwaka hadi mwaka. Njia inaweza kutengenezwa kwa miezi kadhaa na ikapigwa picha. Vyombo vinaweza kununuliwa. Huduma inahitaji fedha kila siku ya Mungu, na hapo ndipo mjadala wetu unapokatika.

Uchambuzi huu unaziangalia Tanzania na Kenya kwa pamoja, kwa kuwa reli zao zilikuwa chini ya shirika moja na ziliumwa ugonjwa uleule.

Mtandao tuliourithi

Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, wakati wa Wajerumani, na njia ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Arusha iliunganishwa mwaka 1929. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kugusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likafuata mwaka 1928. Lile la Mpanda lilijengwa baada ya Vita ya Pili, sababu kubwa ikiwa ni madini ya risasi. Upande wa Kenya, Waingereza walianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, kisha katika miongo mitatu iliyofuata wakatandaza matawi kwenda Magadi, Nanyuki, Nyahururu, Solai, Kitale na Butere.

Ukiitazama ramani hiyo utaona kwamba kila tawi linaelekea kwenye mali ya kusafirisha: mkonge, kahawa, pamba, magadi, mahindi ya walowezi. Abiria Mwafrika alipandishwa daraja la tatu kama nyongeza, kwa kuwa njia ilikuwapo tayari na treni ilikuwa inapita hata hivyo. Mikoa iliyokuja kutegemea treni haikuwahi kujengewa treni ya abiria. Ilijengewa njia ya mazao, na wananchi wakaitumia kwa namna yao: kwenda shule, kupeleka dagaa na mawese ya Kigoma bara, kusafirisha asali ya Tabora, kumfikisha mgonjwa hospitali ya mkoa. Baada ya uhuru kilijengwa kiungo cha Ruvu hadi Mnyusi, kilichokamilika mwaka 1963. Kiungo hicho kiliunganisha Reli ya Kati na ya Tanga, na ndicho kilichowezesha treni kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi bila abiria kushuka.

Mizigo ilivyoondoka na abiria

Maelezo ya kawaida ni kwamba treni zilikufa kwa sababu watu walihamia kwenye mabasi. Yana ukweli kidogo, lakini yanageuza matokeo kuwa chanzo.

Hadi miaka ya 1970 shirika la reli la Afrika Mashariki liliendesha mambo kwa hesabu ambayo haikuandikwa mahali ambapo mwananchi angeisoma: faida ya mizigo ilifidia hasara ya abiria. Tani za kahawa na shaba, mafuta ya petroli, saruji na mbolea ndizo zilizolipia kiti cha daraja la tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, vichwa na mabehewa viligawanywa, karakana kubwa ikabaki Nairobi, na Tanzania ikalazimika kuunda Shirika la Reli lake huku mafundi na vipuri vikiwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Mpaka huo ulikaa hivyo hadi 1983. Njia ya Voi hadi Kahe, iliyowahi kuunganisha Moshi na Mombasa, ikapoteza maana yake.

Kisha malori yakaja. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, mwenye shehena alichagua lori linalopakia bandarini na kushusha ghalani, hata kama ni ghali zaidi, kwa sababu kontena lililopanda treni lingeweza kukwama wiki nzima. Tanzania, mzigo wa Reli ya Kati ulishuka kutoka zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi sehemu ndogo tu ya kiasi hicho muongo mmoja baadaye. Mizigo ilipopungua, mfuko uliokuwa ukiwabeba abiria ukatoboka. Hakuna waziri aliyesimama bungeni kuamua kwamba Kilimanjaro isiwe tena na treni ya abiria. Kichwa kimoja kiliharibika na hakikurudi, treni ya kila siku ikawa ya mara tatu kwa wiki, ya mara tatu ikawa ya mara moja, na katika miaka ya 1990 ikanyamaza.

Hapo ndipo abiria walipohama kwa wingi. Mtu hawezi kupanga harusi, mtihani au siku ya soko kwa kutegemea treni asiyojua kama itakuja. Mwenye uwezo aliondoka kwanza, akabaki asiye na uwezo, na mapato yakashuka tena. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe, na kila aliyetazama hesabu za mwisho wa mwaka aliona safari isiyolipa, bila kuona ilivyofikishwa hapo. Treni za Kigoma, ambako kwa miaka mingi barabara ilikuwa ya vumbi na matope, ziliendelea kujaa hata katika miaka mibaya kabisa ya shirika. Abiria walikuwapo pale ambapo treni ilikuwapo.

Maji na binadamu wakamalizia kazi. Kati ya Kilosa na Gulwe reli inafuata bonde la mto Mkondoa, na mto huo umeikata njia mara nyingi mno. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisimamisha safari kwa miezi. Kwenye matawi yaliyolala, mataruma ya chuma na reli ziligeuka vyuma chakavu, na hifadhi ya reli ikawa mashamba, vibanda na nyumba za watu ambao leo kuwaondoa ni kesi na machozi.

Hoja ya kwanza: tengeneza ileile ya zamani

Wanaotetea njia hii wana mifano miwili mizuri. Tanzania, wafanyakazi wa Shirika la Reli waliifyeka na kuitengeneza njia ya kaskazini iliyokuwa imefunikwa na vichaka. Mwaka 2019 treni ya mizigo ikapita tena kati ya Tanga na Moshi, Desemba ya mwaka huo abiria wakarudi kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, na mwaka 2020 treni ikaingia Arusha. Wakati ulichaguliwa vizuri: Desemba ndipo watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kwa wingi, nauli za mabasi zinapanda, na kituo cha mabasi kinageuka kambi. Kenya nayo ilitengeneza njia ya Nairobi hadi Nanyuki kwa kuwatumia mafundi wa reli, vijana wa Huduma ya Taifa na wanajeshi, na Desemba 2020 treni ikaingia Nanyuki baada ya kimya cha miaka mingi.

Nguvu ya hoja hii ni bei. Kazi ya Nanyuki, ya takriban kilomita 240, iliripotiwa kugharimu karibu shilingi bilioni 1.8 za Kenya, sawa na shilingi milioni saba na nusu kwa kilomita. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu shilingi bilioni 327 kwa kilomita takriban 472, yaani karibu shilingi milioni 690 kwa kilomita. Tofauti ni kama mara tisini. Ulinganisho huu usitumiwe kama rungu, maana bei ya reli mpya ilibeba madaraja marefu, stesheni, vichwa na mabehewa, nayo inabeba mzigo ambao njia ya Nanyuki haiwezi kuubeba kamwe. Hata hivyo, kwa fedha ya kilomita tatu za reli mpya unaweza kuurudisha mkoa mzima kwenye ramani ya treni. Serikali yenye madeni haiwezi kuipuuza hesabu hiyo.

Nguvu ya pili haisemwi vya kutosha: reli ya zamani inapita katikati ya miji. Korogwe, Mombo, Same, Karatina, Muhoroni, Urambo, hii ni miji iliyokua kuizunguka stesheni. Abiria anashuka sokoni.

Udhaifu wake nao ni mzito. Njia hizi zilichorwa kwa ajili ya injini za mvuke, zikizunguka vilima kwa kona kali ili kukwepa gharama ya mahandaki. Hata ukiweka reli nzito zaidi, kona inabaki kona. Basi la Dar es Salaam linafika Moshi mchana huohuo, ilhali treni inalala njiani. Usalama pia unadai fedha ambazo ufufuaji wa bei nafuu hauna. Ajali ya Igandu ya Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma kwenye mteremko na kugonga ya mizigo, iliua watu 281. Breki, mawasiliano na mafunzo ya wafanyakazi havionekani kwenye picha ya uzinduzi, lakini ndivyo vinavyotenganisha treni na jeneza.

Udhaifu mkubwa kuliko yote ni vichwa vya treni. Njia ya kaskazini iliporudi, vichwa havikuongezeka kwa kiasi hichohicho. Kichwa kinapokuwa kimoja na kuna shehena ya saruji na treni ya abiria, meneja anayepimwa kwa mapato atakipeleka kwenye saruji. Simlaumu. Lakini uamuzi huo mdogo, unaofanywa kila wiki katika chumba cha uongozaji treni, ndio unaomfanya mama wa Same aambiwe keshokutwa.

Hoja ya pili: subirini reli ya kisasa

Upande wa pili unasema kwamba kutia viraka reli ya karne iliyopita ni kupoteza fedha mara mbili, na una ushahidi wake. Treni ya umeme ya Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na kuzinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti. Inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na nauli ya daraja la kawaida hadi Dodoma ilipangwa shilingi 31,000. Kwa hatua hiyo moja, barabara ya Morogoro ilipata mshindani ambaye haikuwahi kuwa naye. Njia mpya pia ilitoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki badala ya kuufuata mto Mkondoa, kwa hiyo ugonjwa wa mafuriko ulitibiwa kwenye chanzo.

Somo la abiria wa Dodoma ni kubwa kuliko kasi. Treni ina ratiba, tiketi inakatwa kwa simu, na saa ya kuondoka ni saa ya kuondoka. Watu walirudi kwenye reli mara moja, tena wengi wao vijana ambao hawakuwahi kuijua treni yenye uhakika. Aliyekuwa akidai kwamba Mtanzania ameizoea barabara kiasi cha kutoitamani reli amejibiwa.

Tatizo ni kwamba reli mpya inajengwa pale penye mizigo ya nchi jirani na deni linaloweza kulipwa. Mfano wa Kenya unaonyesha nani anaachwa nje. Treni ya zamani ya usiku kati ya Nairobi na Mombasa ilisimamishwa Aprili 2017, wiki chache kabla ya reli mpya kuanza. Msafiri wa mwisho hadi mwisho alipata nafuu kubwa, saa tano badala ya usiku mzima na sehemu ya asubuhi. Lakini vituo vidogo vya njia ya zamani vilibaki bila treni, na hata Nairobi kituo kipya kiko Syokimau na Mombasa kiko Miritini, mbali na katikati ya mji. Mwaka 2019 reli mpya ilifika eneo la Naivasha na ikakomea hapo kwa miaka mingi, kwa hiyo Kisumu na magharibi yote iliendelea kuitegemea njia ya mwaka 1901.

Kuna madhara mengine ambayo wapangaji wanayajua ila hawayasemi kwa sauti. Mkoa unapoambiwa kwamba reli ya kisasa inakuja, matengenezo ya njia ya zamani yanakosa mtetezi. Kwa nini ubadilishe mataruma yatakayong'olewa? Lakini reli ya kisasa ya mkoa wa pembezoni huchukua miaka kumi au zaidi kutoka kwenye upembuzi hadi kwenye treni ya kwanza. Katika miaka hiyo mkoa unakuwa hauna la zamani wala jipya, na mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo anamaliza shule ya msingi bila kupanda treni.

Hoja ya tatu: basi linatosha

Hii ndiyo hoja inayostahili kujibiwa kwa heshima kuliko zote, ingawa watetezi wa reli huikimbia. Lami imefika mahali ambapo haikuwapo. Mpanda, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa ikiunganishwa na dunia kwa treni wakati wa masika, sasa ina barabara ya lami kutoka Tabora. Basi linaondoka kila siku, mara nyingine zaidi ya mara moja, na linamshusha mtu njia panda ya kijiji chake. Nairobi hadi Nanyuki, matatu zinachukua saa chache na zinaondoka mfululizo, ilhali treni iliyorudi ilikuwa ya kupanda Ijumaa na kushuka Jumapili. Ratiba ya namna hiyo inamfaa mgeni wa mapumziko. Mwalimu wa Karatina anayetaka kwenda Nairobi Jumanne haimsaidii kitu.

Yapo matawi ambayo hoja hii inayamaliza kabisa. Solai na Nyahururu zina barabara, umbali ni mfupi, na mazao yaliyojenga njia zile hayasafiri tena kwa reli. Kurudisha treni ya abiria huko kungekuwa kuitumia fedha ya umma kuburudisha kumbukumbu, wakati kuna vijiji visivyo na daraja.

Lakini hoja ya basi inasimama juu ya hesabu isiyokamilika. Basi linatumia barabara ambayo matengenezo yake yanalipiwa na mfuko maalumu. Kenya ushuru wa matengenezo ya barabara, ambao ulikuwa shilingi 18 kwa lita ya mafuta, ulipandishwa hadi 25 mwaka 2024. Tanzania nayo ina Mfuko wa Barabara unaolishwa na tozo ya mafuta. Mwenye basi anachangia kwa kila lita anayonunua, lakini ujenzi wenyewe umelipwa na hazina na mikopo, na uharibifu mkubwa unafanywa na malori mazito ambayo hayalipi kadiri yanavyobomoa. Reli ya zamani imekuwa ikidaiwa ijilipie tuta, daraja, ishara, kichwa na mshahara wa mlinzi wa kivuko kutoka kwenye tiketi na shehena. Ukizilinganisha hasara za treni na faida za basi kwa vipimo hivi viwili tofauti, jibu limeshaamuliwa kabla hujaanza kuhesabu.

Kuna pia mzigo wa abiria, ambao waandishi wa ripoti huusahau kwa sababu wao husafiri na begi moja. Msafiri wa Kigoma anasafiri na madebe ya mawese, mafurushi ya dagaa, godoro na kuku. Kwake treni ni behewa la vifurushi lenye viti. Kwenye basi mzigo huo unalipiwa juu ya nauli, ukikubaliwa. Na kuna vifo: barabara zetu kuu zinaua kila wiki, na gharama ya mjane na yatima haipo kwenye nauli ya mtu yeyote.

Hoja ya nne: mpeni mwekezaji

Hii imeshajaribiwa. Kenya na Uganda ziliikabidhi reli yao kwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006 na kuiondoa mwaka 2017. Tanzania iliikodisha kwa kampuni iliyoongozwa na RITES ya India mwaka 2007, ikakumbwa na migomo ya mishahara na upungufu wa vichwa, na serikali ikairudisha mikononi mwake ndani ya miaka michache. Watu wengi huhitimisha kwamba sekta binafsi haiwezi reli. Mimi naona somo liko kwenye maandishi ya mikataba. Mkataba wa Kenya ulikuwa wa miaka 25 kwa mizigo na miaka mitano tu kwa abiria. Aliyeuandika alijua abiria hawalipi, na badala ya kuandika nani atafidia, aliandika lini mwekezaji ataruhusiwa kuwatupa. Treni ya Kisumu ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 2010. Haikupaswa kumshangaza yeyote aliyesoma.

Suala hili si la historia. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, sasa imo katika mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wenye thamani ya takriban dola bilioni 1.4, na kiu ya shaba ya Zambia ndiyo inayousukuma. Watu wa Mlimba na bonde la Kilombero, ambao masika treni ndiyo barabara yao, wana haki ya kujua ni treni ngapi za abiria kwa wiki zimeahidiwa humo, na adhabu ni ipi zisipopita.

Mizani

Ukiziweka hoja hizi pamoja, inaonekana kwamba mabishano ya reli ya zamani dhidi ya mpya, au ya umma dhidi ya binafsi, yamekuwa yakilifunika swali lililo chini yake. Treni ya abiria katika mkoa wenye watu wachache na kipato kidogo haitalipa kwa tiketi pekee, iwe ya dizeli au ya umeme, na iendeshwe na yeyote yule. Nchi nyingi zenye treni nzuri za mikoani zimelikubali hilo waziwazi: serikali inanunua huduma kutoka kwa mwendeshaji kwa mkataba unaotaja idadi ya treni, vituo, nauli ya juu kabisa na malipo kwa kila treni iliyofika kwa wakati. Isipofika, halipwi. Huku kwetu ruzuku ipo pia, lakini imejificha ndani ya hasara ya shirika, haina kipimo, na shirika likibanwa kidogo abiria ndio wa kwanza kukatwa.

Fedha zinaweza kupatikana bila kodi mpya. Kenya iliweka tozo ya maendeleo ya reli kwa bidhaa zinazoingia nchini mwaka 2013, kwa kiwango cha asilimia 1.5, na Tanzania ikafanya vivyo hivyo mwaka 2015. Tozo hizo zimeelekezwa zaidi kwenye ujenzi wa reli mpya. Kutenga sehemu ndogo yake kwa uendeshaji wa treni za mikoani kungechelewesha kidogo kilomita mpya, na hilo lisemwe wazi. Mkulima wa Urambo amelipa tozo hiyo kwenye bei ya jembe, baiskeli na simu yake. Anastahili kurudishiwa kitu mapema kuliko mwaka reli mpya itakapompitia.

Siyo kila njia inastahili, na hapa ndipo wanasiasa watakapokasirika, kwa sababu kila mbunge ana stesheni yake. Mizigo ndiyo inayoamua mengi: pale ambapo shehena ya kudumu inalipia tuta, treni ya abiria inalipia nyongeza tu, na nyongeza ni ndogo. Kwa kipimo hicho Kigoma na Tabora zinastahili huduma ya uhakika kwenye njia ya zamani hadi siku ile ile reli ya kisasa itakapobeba abiria wake wa kwanza huko, na hata baada ya hapo njia ya zamani iendelee kuhudumia vituo vidogo. Tawi la Mpanda linastahili treni fupi ya abiria na vifurushi, mara tatu kwa wiki, ipimwe kwa miaka mitano dhidi ya barabara mpya, na ikishindwa ifungwe kwa uamuzi ulio wazi badala ya kuachwa ife. Njia ya kaskazini ina saruji, ina bandari ya Tanga na ina watu wengi kandokando yake, kwa hiyo sababu ya kuwa na treni za kubahatisha haipo. Kisumu hadi Butere inafaa magari mepesi ya reli yenye injini zake yenyewe, kama yale yaliyotumika Hispania ambayo Kenya iliyanunua kwa ajili ya viunga vya Nairobi. Yanatumia mafuta kidogo, na hayamnyang'anyi meneja wa mizigo kichwa chake. Nanyuki ibaki ya mwisho wa wiki, na bei yake ilipwe na watalii.

Kuhusu kusini mwa Tanzania tusidanganyane. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga baada ya Vita ya Pili, ilifungwa mapema miaka ya 1960 na kung'olewa. Huko hakuna cha kufufua. Reli inayozungumzwa kuelekea Mbamba Bay ni mradi mpya kabisa, wa makaa ya mawe na chuma cha Mchuchuma na Liganga, na utasimama au kuanguka kwa bei ya madini hayo. Mkazi wa Nachingwea anayeahidiwa treni ya abiria leo anastahili barabara nzuri na mabasi salama kwanza.

Nairobi na Dar es Salaam zenyewe zimeonyesha kwamba njia ya zamani ikipewa ratiba inafanya kazi. Treni ya jijini Dar es Salaam, ambayo watu waliipachika jina la waziri wa wakati huo wakaiita treni ya Mwakyembe, ilianza Oktoba 2012 juu ya reli zilezile zilizochoka, na ikajaza watu kwa sababu ilipita kila siku ya kazi, asubuhi na jioni. Mkoani hakuhitajiki treni ya kila saa. Kwa njia ya kaskazini, mwanzo ni vichwa viwili vilivyotengwa kwa abiria peke yao, visiguswe na saruji, na siku tatu za wiki zilizoandikwa kwa rangi ukutani pale Korogwe, Same na Moshi, zilezile Desemba na zilezile Aprili.